AF mbili katika barua moja

Barua za hospitali za Uholanzi hufika Mombasa kwa njia nyingi. Kuna mzee mstaafu anayeikimbia baridi ya kwao na kukaa Nyali au Mtwapa, karatasi ya daktari wake ikiwa imekunjwa ndani ya pasipoti. Kuna mtalii aliyezidiwa hotelini Shanzu, na mwanawe anatuma picha ya barua kwa WhatsApp kutoka Utrecht. Wapo pia watu wetu waliotibiwa Rotterdam wakarudi nyumbani na faili. Wote hao wanaishia kwa daktari wa zamu anayetaka barua ifasiriwe kwa Kiingereza, na anaitaka sasa hivi.

Kiholanzi chenyewe hakimshindi aliyekisoma. Taabu ni kwamba madaktari wa huko, kama wa kwetu, hawaandiki sentensi. Wanaandika herufi mbili tatu, namba, kisha wanaendelea. Na vifupisho vinavyoleta balaa si vile vigeni machoni. Ukikuta "wv" au "vlgs" utasimama, utatafuta. Balaa liko kwenye vile unavyodhani unavijua kwa sababu Kiingereza nacho kina herufi zizo hizo. Hapo mfasiri hasimami. Ananakili tu, na daktari anasoma jambo jingine kabisa.

Huu hapa mfano. Nimeuunda kwa vipande vya kawaida, hauna mgonjwa nyuma yake:

M 74 jr. VG: HT, DM2, AF wv OAC, TKP li.
Med: acenocoumarol vlgs TD, metoprolol 1dd50, furosemide 1dd40 ogv gewicht, pcm zn max 4dd1g. Cave: penicilline. Intox: geen.
LO: RR 150/85, HF 92 irr, AF 22, sat 93%. VAG bdz, slanke kuiten.
Lab: Hb 7,4, BSE 34. X-thorax: geen verschil ivm vorige.
C/ dyspneu eci, LE uitgesloten. B/ opn, CAD, evt prednison. NR.

Anza na vichwa vya sehemu kabla ya kugusa kitu kingine. VG ni voorgeschiedenis, yaani magonjwa ya nyuma. LO ni lichamelijk onderzoek, daktari alichokikuta alipompima mgonjwa kwa mikono na macho. C/ ni conclusie. B/ ni beleid, na hapa kamusi itakudanganya mapema: itakupa "policy", kumbe kwenye barua ya hospitali ni mpango wa matibabu. Barua ya daktari wa familia huwa na vichwa vingine, S, O, E na P. Hiyo E ni evaluatie, ndiyo A (assessment, tathmini) ya mpangilio wa SOAP wa maelezo ya daktari tunaoujua, wala si "examination". Ukishajua uko sehemu gani, nusu ya vifupisho vinajitafsiri vyenyewe.

Sasa tazama AF. Imo mara mbili, na kila mara ina maana yake. Ya kwanza iko chini ya VG, kwenye orodha ya magonjwa, na inafuatwa na "wv", waarvoor, yaani "ambao kwa ajili yake anapewa". Kwa hiyo ni ugonjwa: atriumfibrilleren, vyumba vya juu vya moyo kupiga ovyo. Ushahidi mwingine uko mistari miwili chini, pale mapigo yanapoitwa "irr", hayana mpangilio. AF ya pili iko kwenye LO, imekaa baina ya mapigo ya moyo na kiwango cha oksijeni, na ina 22 mbele yake. Ugonjwa hauna 22. Hiyo ni ademfrequentie, idadi ya pumzi kwa dakika. Na kama ungekuta AF 110 kwenye mstari wa maabara, ingekuwa ya tatu: alkalische fosfatase, kimeng'enya kinachopimwa kuangalia ini na mifupa. Anayetumia amri ya kubadilisha neno moja kote kwenye waraka kwa mpigo mmoja, hapa ndipo anapojimaliza.

RR ni mtego wa aina hiyohiyo. Kwa Kiingereza ni kasi ya kupumua. Kwa Kiholanzi ni presha, kutokana na Riva-Rocci, daktari Mwitaliano aliyetangaza kipimo chake cha presha mwaka 1896. Ikiwa na namba mbili na mkwaju katikati, kila mtu atatambua. Shida ni pale barua inaposema "RR goed" bila namba. Ukiiacha RR hivyo hivyo, daktari wa hapa atadhani mgonjwa anapumua vizuri, na presha haitaulizwa. HF nayo ni hartfrequentie, mapigo kwa dakika. Mwingereza akiona HF anasoma moyo kushindwa kazi. "HF 92" haimpotezi mtu. "HF stabiel" inampoteza. LVF ni ndugu yao: kwa Kiholanzi ni linkerventrikelfunctie, utendaji wa chumba cha kushoto cha moyo, hata ukiwa mzuri. Kwa Kiingereza huandikwa kwa maana ya chumba hicho kushindwa. "Goede LVF" ni habari njema, na isiandikwe namna ambayo mtu ataisoma vinginevyo.

OAC ndiyo inayoniumiza kichwa kuliko zote, kwa sababu maana zote mbili ni za Kiholanzi halisi na zote mbili ni dawa. Inaweza kuwa orale anticoagulantia, dawa za kuzuia damu kuganda. Inaweza pia kuwa orale anticonceptie, tembe za kupanga uzazi. Kwa mwanamume wa miaka 74 mwenye acenocoumarol, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwenye orodha hakuna mjadala. Lakini weka mwanamke wa miaka 34, aliyewahi kupata donge la damu kwenye mapafu, na orodha ya dawa haikuambatishwa. Maana moja inamwambia daktari wa upasuaji kwamba atatoka damu nyingi. Ya pili inamwambia kuna hatari ya damu kuganda. Umri wake unavuta upande mmoja na historia yake upande mwingine. Hapo usichague. Andika OAC kama ilivyo, weka maana zote mbili ndani ya mabano ya mraba, na useme waraka hautoshi kuamua.

Acenocoumarol yenyewe usiigeuze kuwa warfarin eti kwa sababu ndiyo inayojulikana hapa. Ni dawa za familia moja, lakini kipimo chake ni kingine. "Vlgs TD" ni volgens trombosedienst: kipimo kinapangwa na huduma maalumu ya Uholanzi inayofuatilia INR, kipimo cha namna damu inavyoganda. Maana yake kwa msomaji ni kwamba barua hii haina kipimo. Liseme hilo wazi, na upendekeze familia iulizwe kalenda ya vipimo, doseerkalender, ambayo mgonjwa hupewa ikionyesha tembe ngapi siku gani. Mfasiri anayeandika "as directed" amesema kweli na hajamsaidia mtu.

Tufike kwenye dd. Baada ya namba, ni mara ngapi kwa siku: 1dd50 ni mara moja kwa siku, miligramu 50, 4dd1g ni mara nne, gramu moja kila mara. Ikiwa na tarehe mbele yake, "dd 12-3", ni "ya tarehe". DD kwa herufi kubwa kwenye hitimisho ni differentiaaldiagnose, magonjwa mengine yanayofikiriwa. Zote tatu hukutana kwenye ukurasa mmoja bila kusalimiana. Angalia pia mpangilio. Waholanzi hutaja kwanza mara ngapi, kisha kiasi. Bahasha ya tembe ya hapa kwetu huandikwa kinyume: 2×3 ni tembe mbili mara tatu. Kwa hiyo 1dd2 ni tembe mbili kwa mpigo mmoja, na 2dd1 ni moja asubuhi na moja jioni. Jumla ya siku ni ileile, kwa hiyo hata anayehakiki hesabu hataona kosa. Andika kwa maneno kamili ya Kiingereza, kiasi kwanza, "two tablets once daily", usibuni alama. Dawa ya mara moja kwa wiki, hasa methotrexate ya baridi yabisi, iandike kwa maneno na uongeze kwamba si ya kila siku. Kosa hilo huua.

Insulini huja na E au EH, eenheden. Andika "units" kwa ukamilifu; U peke yake kwa mwandiko wa haraka hugeuka sifuri, na 14 inakuwa 140. Na Waholanzi hutumia mkato pale tunapoweka nukta, nukta pale tunapoweka mkato. 0,125 mg inakuwa 0.125. "1.000 mg" ya paracetamol ni gramu moja, ukiiacha ilivyo umeandika miligramu moja.

"Ogv" ina maana mbili: op geleide van, kwa kufuata, na op grond van, kwa sababu ya. Hapa inakuja baada ya kipimo cha furosemide, dawa ya kutoa maji mwilini, na kabla ya uzito, kwa hiyo mgonjwa anapimwa uzito na dawa inapandishwa au kushushwa kwa kuufuata. "Ivm" nayo mara nyingi ni in verband met, kutokana na. Lakini kwenye picha ya kifua, "geen verschil ivm vorige", ni in vergelijking met: hakuna tofauti ukilinganisha na ya nyuma. Ukitafuta neno la kulinganisha kama verschil (tofauti) au toegenomen (imeongezeka) karibu yake, utalipata.

Cave si pango. Ni Kilatini, "jihadhari", na mara nyingi hufuatwa na mzio. Mara nyingi, si kila mara: yaweza kuwa dawa isiyofaa kwa figo za mgonjwa. Mimi huandika neno la tahadhari na kuacha kuita mzio pale barua isipotaja dalili. Intox: geen si habari ya sumu. Ni kwamba mgonjwa havuti, hanywi, hatumii madawa. Kama kuna pombe, EH ya Kiholanzi ni glasi yenye gramu 10 za alkoholi, ilhali ya Uingereza ni gramu 8.

"Bdz" ni beiderzijds, pande zote mbili. Isije ikageuka "bds", ambayo kwa Kiingereza ni mara mbili kwa siku. VAG ni sauti ya kawaida ya pumzi. Slanke kuiten ni mashavu ya miguu ambayo hayajavimba. Daktari hakuwa akisifu umbo la mzee, alikuwa akitafuta damu iliyoganda kwenye mishipa ya mguu. Na mstari huo unakusaidia chini kidogo, kwenye LE. Kwa Kiingereza LE ni mguu. Kwa Kiholanzi ni longembolie, donge la damu kwenye mapafu. "LE uitgesloten" haitapotea, kwani hakuna daktari anayehitimisha kwamba mguu haupo. Inayopotea ni "LE re 2019" kwenye historia. Mwingereza ataona mguu wa kulia, kitu fulani, 2019, na ataendelea. Mgonjwa aliwahi kupata donge kwenye pafu la kulia na hakuna anayejua.

BSE 34 ni kasi ya chembe nyekundu kuzama, ile ESR ya maabara zetu. Ukiiacha BSE, Mwingereza anakumbuka kichaa cha ng'ombe.

Hb, hemoglobini ya damu, inataka nafasi yake. Uholanzi hupima kwa milimoli kwa lita, nasi kwa gramu kwa desilita, na mara nyingi mwandishi haweki kizio kwa sababu kwao kinajulikana. Daktari wa hapa akiona "Hb 7.4" anaambiwa damu iko saba, na anaanza kufikiria kuongeza damu. Zidisha kwa 1.611: 7.4 inakuwa 11.9, upungufu mdogo tu kwa mwanamume. 5.0 ingekuwa 8.1. Usifute namba ya asili. Andika 7.4 mmol/L, kisha ndani ya mabano ya mraba takriban 11.9 g/dL, na ueleze kwamba kizio hakikuandikwa na umekitoa kwenye desturi ya nchi. Lakini kabla ya kuzidisha, tazama barua imetoka wapi. Kiholanzi huandikwa Ubelgiji pia, na huko Hb ni g/dL kama kwetu. Ukizidisha ya Antwerp umempa mtu damu asiyokuwa nayo. Anwani ikiwa imekatwa kwenye picha, tafuta dalili nyingine: Waholanzi huita idara ya masikio, pua na koo KNO, Wabelgiji NKO, idara ya dharura kwa Waholanzi ni SEH, kwa Wabelgiji ni spoed. HbA1c ya Uholanzi, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache iliyopita, nayo huja kwa mmol/mol. Zidisha kwa 0.0915, ongeza 2.15, upate asilimia. 53 ni asilimia 7.

CAD: hapa iko kwenye mpango, baada ya kulazwa. Ni catheter à demeure, mpira wa mkojo unaobaki ndani. Mwingereza anasoma ugonjwa wa mishipa ya moyo, na kwa mzee wa miaka 74 mwenye presha na kisukari inaingia akilini kabisa, ndiyo maana haigunduliki. Kwenye historia hata hivyo inaweza kweli kuwa mishipa ya moyo, kwa sababu vifupisho vya Kiingereza vinazidi kuingia huko. Kitenzi ndicho kinachoamua: mpira huwekwa na hutolewa, kwa hiyo ukiona verwijderd (umetolewa) au "ex", umemaliza. "Evt" ni eventueel, ikibidi, wala si "eventually". Prednison huenda asipewe kabisa.

NR imebaki peke yake mwishoni. Ni niet reanimeren: moyo ukisimama asifufuliwe. Kliniki zetu huandika NR kwa kipimo cha HIV au kaswende kisichoonyesha maambukizi, na macho ya daktari wa hapa yataipita bila kusita. Iandike kwa ukamilifu, ukitaja kwamba ni uamuzi uliorekodiwa kwenye barua ya tarehe fulani. Kama bado una nguvu ni jambo la daktari na mgonjwa. Na kama NR iko mahali pasipoeleweka, kwenye mstari wa maabara kwa mfano, usithubutu kuipanua.

Vingine kwa haraka. Kwenye mfano wetu, jr ni miaka, HT ni presha, DM2 ni kisukari cha aina ya pili, TKP li ni goti bandia la kushoto, pcm zn ni paracetamol ikihitajika, opn ni kulazwa, na dyspneu eci ni kupumua kwa shida ambako chanzo chake hakijajulikana. OK ni operatiekamer, chumba cha upasuaji. "3-2 OK: THP re" ni kwamba tarehe 3 Februari alibadilishwa nyonga ya kulia, si kwamba mambo yalikuwa shwari. HAP ni kituo cha madaktari wa familia baada ya saa za kazi, si nimonia iliyopatikana hospitalini. MI ni mshtuko wa moyo au valvu ya mitrali inayovuja; ukikuta "MI gr 2" ni valvu, kwani ina daraja. VT kwa daktari wa moyo ni mapigo ya kasi kutoka chumba cha chini, kwa daktari wa uzazi ni kupima kwa kidole ukeni. AD kwa wajawazito ni tarehe ya kutarajia kujifungua, kwa daktari wa masikio ni sikio la kulia. CAG ni picha ya mishipa ya moyo na CABG ni upasuaji wake, na herufi moja iliyofifia kwenye faksi inatosha kumpa mtu kovu la kifua asilokuwa nalo.

Ikiwa barua ina misimbo ya ICPC, orodha ya kimataifa ya kuainisha matatizo kwa madaktari wa familia, shukuru. Madaktari wa familia wa Uholanzi huiweka kando ya tatizo: K78 ni atriumfibrilleren, K77 ni moyo kushindwa, K86 ni presha isiyo na madhara mengine, R95 ni COPD, ugonjwa sugu wa mapafu. Herufi zikigombana, msimbo huamua. Orodha ya dawa ni shahidi wa pili, ila ishughulikie kwa tahadhari, maana metoprolol, dawa ya moyo na presha, hupewa kwa magonjwa mengi.

Kwenye tafsiri yenyewe, chochote kisichoamuliwa kikae juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, si kwenye tanbihi. Daktari wa kajualti husoma nusu ukurasa. Andika kifupisho, mstari wake, maana zinazowezekana, basi. Nyuma ambatisha nakala ya Kiholanzi ili mtu mwingine aweze kukusahihisha.

Kuuliza Uholanzi kunawezekana, lakini pitia kwa daktari anayemtibu au kwa familia, kwani kule hawazungumzi na mfasiri asiye na idhini ya mgonjwa. Tunga swali la ndiyo au hapana: OAC kwenye mstari wa kwanza ni anticoagulantia? Kliniki ikifunguliwa saa mbili asubuhi ya kwao, kwetu ni saa tatu wakati wao wako kwenye majira ya joto, na saa nne wakati wa baridi. Programu za bure za kutafsiri zitakujibu papo hapo, na zitachagua maana moja bila kukuonyesha kwamba zilikuwa mbili. Tena, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Kupakia barua nzima yenye jina na tarehe ya kuzaliwa ni kujitafutia kesi.

Bei je? Usitoze kwa maneno ya Kiholanzi. Mfano ule hapo juu una mistari mitano, na Kiingereza chake pamoja na maelezo kinajaza ukurasa. Toza kwa saa, au kwa maneno ya Kiingereza, na mkubaliane kabla hujafungua faili.